Nihesabuni Kwanza

Mwaka jana, kwenye kikao cha harusi huko Nyakato, mzee mmoja aliniuliza mwaka niliokaa Uingereza nilifanya nini cha maana zaidi ya kusoma. Majibu ya heshima yalikuwepo. Nikasema lililo kweli: nilipanda rolakosta mara kumi na saba. Kikao kizima kilicheka. Mzee hakucheka.

"Mwanangu, mtu mzima na bembea?" alisema. "Wakati shule zetu hazina madawati?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Kisha tukarudi kwenye ajenda, na dakika chache baadaye kikao hichohicho kikapitisha bila ubishi keki ya ngazi tano na gari la kifahari la kukodi la kumzungusha bibi harusi mjini.

Sikumjibu. Yeye ni mzee, na mimi nilikuwa mweka hazina. Namjibu hapa.

Kwanza niseme nilichokipanda ni nini, maana Kiswahili bado hakijakipa jina lake. Mama yangu hukiita bembea, kama anavyoita kila kitu kinachomwinua mtu kutoka ardhini kwa furaha. Rolakosta ni treni ndogo isiyo na injini. Mnyororo unaivuta hadi kileleni, unaiachia, na kuanzia hapo uzito wake wenyewe ndio unaoiporomosha, kuipandisha tena na kuizungusha hadi irudi ilikotoka. Ya kwanza niliyoipanda ni Big Dipper ya Blackpool, mji wa pwani, saa moja na kitu kwa treni kutoka Manchester nilikosoma. Ni ya mbao. Ilifunguliwa mwaka 1923. Ukiitazama kutoka chini unaona msitu wa mirunda iliyopakwa rangi, na unajiuliza kama mtu mwenye akili timamu anaweza kukaa juu yake.

Mporomoko wenyewe niliupenda, nilipiga kelele mpaka koo likauma. Lakini kilichonirudisha pale mara kumi na sita nyingine kilitokea kabla ya treni kuondoka. Msichana wa kama miaka ishirini, mwenye koti la kazi na pua nyekundu kwa baridi, alipita kiti baada ya kiti akivuta chuma kinachokaa juu ya mapaja ya abiria. Alipofika mwisho alirudi, akavuta kila chuma tena. Changu alikivuta mara tatu, maana mimi ni mwembamba. Kisha akamnyooshea mkono mwenzake aliyekuwa kibandani, na yule kibandani akatazama mwenyewe kabla ya kubonyeza kitufe. Nilikuwa na miaka 28. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu nisiyemjua alihakikisha, kwa mkono wake, kwamba sitakufa. Sikukumbuka.

Treni inapopanda, chini ya kiti unasikia ka-ka-ka-ka-ka. Mlio ule ndio unaotia watu hofu kuliko yote. Wengine hufumba macho hapo. Baadaye nilisoma kwamba ni kipande cha chuma kinachoangukia meno yaliyopangwa njiani, jino baada ya jino, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma hata hatua moja. Big Dipper ilisanifiwa na Mmarekani aitwaye John Miller, mtu aliyeutumia umri wake kufikiria yote yanayoweza kuharibika. Ndiye aliyeweka magurudumu chini ya reli pia, si juu tu, ili behewa lisiweze kuchomoka hata likirushwa hewani. Watu walikuja kutafuta hofu, na yeye akaijenga juu ya vyuma vya kuwarudisha nyumbani.

Bembea yangu ya utotoni haikuwa na John Miller. Nilikuwa darasa la tatu, sikukuu ya Krismasi, na mtu mmoja alikuwa ameleta gurudumu la viti kwenye uwanja wa wazi mtaani kwetu. Vijana wawili walilisukuma kwa mikono. Kiti chetu kilikuwa na kizuizi cha bomba, na upande ambao boliti lilikuwa limekwisha, walikuwa wamefunga kwa mpira wa baiskeli. Mtoto wa mama mkubwa ndiye aliyekaa upande huo. Mpira ulifunguka tukiwa juu. Alianguka, mkono ukavunjika mahali pawili, na mpaka leo haunyooki sawasawa.

Nyumbani kilichofuata nakikumbuka vizuri zaidi ya ajali yenyewe. Mama mkubwa alilia, mama akatuchapa mimi na kaka zangu, na shangazi zetu wote wakakubaliana kwamba tatizo ni kupenda mno michezo. "Bembea zenu hizo!" Hakuna hata mmoja aliyetamka neno boliti. Gurudumu liliendelea kuzunguka mpaka Mwaka Mpya, na watoto walipanga foleni.

Hapo ndipo ninapogombana na mzee wa kikao. Anadhani kuna watu wanaotaka msisimko na watu wanaotaka usalama, na kwamba mji maskini lazima uchague la pili. Lakini Mwanza tunapanda vitu vya kutisha kila siku. Bodaboda tatu kwa mmoja, bila kofia ngumu. Mtumbwi wa injini wa kwenda visiwani, mizigo juu, watu juu ya mizigo. Hofu tunayo ya kutosha. Tulichokosa ni yule msichana mwenye pua nyekundu.

Nilikuwa na miaka sita MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Nakumbuka redio na watu wazima walioketi chini. Idadi rasmi ya waliokufa inatajwa kuwa zaidi ya 800. Wengi wao wamezikwa Igoma, na anayepita pale huona makaburi yao. Hesabu kamili ya waliokuwemo haikupatikana, kwa sababu waliopanda hawakuwa wote kwenye orodha. Fikiria hilo taratibu. Watu wamekufa, na hujui ni wangapi, kwa sababu walipokuwa hai hakuna aliyewahesabu.

Kisha mwaka 2018. Nilikuwa nafunga mizigo Manchester, wiki ya mwisho ya masomo, simu ikaanza kulia. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Walikufa 228. Waliookolewa walikuwa 41. Huhitaji shahada ya Manchester kuzijumlisha namba hizo. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa Blackpool kuiaga Big Dipper, na mfanyakazi mmoja alikuwa amemshusha mtu kwa upole kwa sababu chuma hakikufunga vizuri juu ya tumbo lake. Alimwambia pole. Treni iliondoka na kiti kitupu.

Nilisikia watu wakisema ni mipango ya Mungu, kama walivyosema mwaka 1996. Simsemei Mungu. Ila nimeona kwamba bembea ikiua tunalaumu mchezo, na kivuko kikizama tunalaumu ziwa, na boliti halilaumiwi kamwe.

Mtu ataniambia huko kwao pia watu huumia. Ndiyo. Juni 2015, kwenye bustani ya Alton Towers, treni moja ya rolakosta iliigonga nyingine iliyokuwa imesimama njiani tupu. Watu watano waliumia vibaya, wasichana wawili wakapoteza mguu mmoja mmoja. Njia ya treni hizi imegawanywa vipande, na treni haitakiwi kuingia kipande ambacho nyingine haijatoka. Mtambo wenyewe ulisimama kama ulivyopaswa, watu wakaulazimisha kuendelea. Yote haya tunayajua kwa sababu yaliulizwa mahakamani, na kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni 5.

Hoja ya pili ya wazee wetu ni kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Kizungu. Historia inakataa. Blackpool ilijazwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire. Kila mji ulikuwa na wiki yake: viwanda vinafungwa, mitambo inapoa, na mji mzima unapanda treni kwenda baharini. Watu waliovuta mavumbi ya pamba mwaka mzima walidai wiki ya kupiga kelele, wakaipata. Na pamba haioti Lancashire. Ililetwa kutoka Marekani, Misri, India, na wakoloni wakahimiza ilimwe huku pia. Kituo cha utafiti wa pamba cha Ukiriguru, kusini kidogo mwa Mwanza, kilikuwepo tangu enzi za Waingereza. Babu yangu aliilima Magu, na alikuwa mwanachama wa ushirika siku ambazo Paul Bomani na wenzake waliunda Victoria Federation, mwaka 1955, ili mkulima asipunjwe kwenye mizani. Sisemi robota la babu liliwahi kufika Lancashire. Nasema kwamba kwenye mnyororo huo mrefu wa pamba, upande mmoja walipata Big Dipper, na upande wetu mpaka leo tunaambiwa tusubiri madawati kwanza.

(Pale Blackpool kuna mtambo mwingine wa zamani zaidi, wa mwaka 1904, viti vinavyoning'inia na kuzunguka hewani. Aliyeubuni ni Hiram Maxim, yuleyule wa bunduki ya Maxim, bombom iliyowafyeka wazee wetu wakati wa Maji Maji. Nilikaa mle nikizunguka juu ya bahari, na sikujua nicheke au nishuke.)

Wala burudani ya kutisha si ngeni kwa Wasukuma. Nenda Bujora, Kisesa, mwezi wa sita kwenye Bulabo, uone Bagika na Bagalu wanavyoshindania watazamaji. Watu wazima, baada ya mavuno, wanacheza na chatu mabegani. Hakuna anayewaambia waende wakatengeneze madawati. Na Bayeye, wataalamu wa nyoka, walijulikana vilevile kwa dawa ya sumu ya nyoka. Mchezo na tiba vilikuwa mikononi mwa chama kimoja. Mababu zetu walimwelewa John Miller bila kumsikia.

Sasa turudi mjini. Mwanza tuna viwanja vinavyoitwa Furahisha. Jina zuri kuliko yote nchini. Nimekwenda pale mara nyingi kusikiliza wagombea, na mara nyingi zaidi kusikiliza wahubiri. Ufukwe nao umegawanywa: ukitaka kukaa karibu na maji ukiangalia jiwe la Bismarck au kuzunguka Capri Point, mara nyingi unakaa kwenye kiti cha hoteli na kununua soda kwa bei ya hoteli. Mtoto wa Mabatini anaishi karibu na ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi na hana mahali pa kulichezea isipokuwa majini, pasipo mwangalizi. Unguja wana uwanja wa kufurahishia watoto pale Kariakoo, na Pemba wana wa Tibirinzi, kwa hiyo tusiambiane kwamba nchi hii haiwezi.

Usiniambie pia kwamba watu wetu hawana hamu. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, la urefu wa kilomita tatu hivi juu ya maji, nilikwenda Jumapili. Nilikuta familia nzima zimevaa nguo za kanisani, hazivuki kwenda popote. Walikuja kuwa juu. Bibi mmoja alishika kizuizi kwa mikono miwili, akachungulia chini, akapiga yowe, akacheka, akachungulia tena.

Sidai Ferrari World ya Abu Dhabi. Nataka bembea tatu nne za chuma kizuri kwenye kipande cha ufukwe kisicho na geti, kiingilio cha bei ya maandazi mawili, na juu ya geti la kila mtambo kibao kinachosema umekaguliwa lini na nani, na unabeba watu wangapi. Nataka mtoto wa miaka saba azoee kuona mtu mzima akivuta chuma chake mara mbili na kumwambia aliyezidi asubiri zamu ijayo. Nataka akifika miaka ishirini, siku atakapofika gatini akaona kivuko kimejaa na mizigo bado inapakiwa, ashangae. Ashangae kwa sauti. Sisi wengine hatukushangaa, tulisogea tukapata nafasi ya mguu mmoja.

Mtoto wa mama mkubwa, yule wa mkono, sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma. Baada ya kikao nilipita kwenye karakana yake kulalamika, nikamwonyesha kwenye simu picha nilizopiga Blackpool. Nilitegemea atacheka kama wengine. Akaikuza picha ya behewa kwa vidole, akapita juu ya watu wenye midomo wazi bila kuwatazama, akashuka mpaka chini kwenye magurudumu.

"Haya ya chini ndiyo yanashika," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

Akaniuliza reli ile ni ya unene gani. Nikamwambia sijui. Akafuta mkono kwenye ovaroli, ule usionyooka, akanirudishia simu, akasema nimtafutie.