Injini Ijayo Tuichague kwa Mwalo Mzima

Ndugu zangu wavuvi wa Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na kila mwalo wa Ziwa Victoria, injini zetu zimechoka, na kila mmoja anatafuta nyingine kivyake. Tajiri mmoja mwenye mtumbwi anavuka kwenda Mwanza na fedha za mabondo, ananunua anayoikuta dukani siku hiyo. Mwingine anapewa injini na wakala wa samaki, na tangu hapo samaki wake hawana bei isipokuwa ile anayoitaja wakala. Wa tatu anauziwa iliyotumika, usiku, bila risiti, na haulizi imetoka wapi. Nawaomba tuuache utaratibu huu. Injini ijayo tuichague pamoja, mwalo mzima, na tuinunue pamoja.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Mtumbwi wa mbao unaogusa maji kwa urefu wa mita 8, ukiwa na watu na mzigo, mwendo wake wa kawaida unafika ukomo kwenye kilomita 13 hivi kwa saa. Ukitaka uzidi hapo, unachoma petroli nyingi mno kupata mwendo mdogo sana, kwa sababu chombo kizito kinasukuma maji mbele yake, hakipandi juu yake kama boti nyepesi ya mbio. Øyvind Gulbrandsen aliliandikia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwongozo mwaka 2012 kuhusu kuokoa mafuta kwenye vyombo vidogo vya uvuvi, na neno lake kubwa ni hilo: punguza mwendo kidogo, mafuta yatapungua sana. Kwa hiyo anayefunga injini ya nguvu za farasi 40 kwenye mtumbwi wa dagaa kwa kuwa jirani yake amefunga ya 25 anashindana na maji, na maji hayashindwi.

Lipo jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi kuliko Tanga au Kilwa, na injini inayovuta hewa nyepesi hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kofia yake. Dawa yake si kununua injini kubwa zaidi. Dawa ni propela. Itazame: ina namba mbili, na ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza. Chombo kinachobeba mzigo mzito huku juu kinataka namba hiyo iwe ndogo, ili injini izunguke kwa kasi iliyotengenezewa badala ya kukoroma na kujichosha. Mteja mmoja akiomba propela tofauti na iliyokuja na injini, anaambiwa hakuna. Wateja ishirini wakiomba ileile, muuzaji ataiagiza.

Urefu wa mguu wa injini hauna mjadala mrefu. Pima ubao wa tezi kutoka juu hadi chini: sentimita 38 ni mguu mfupi, sentimita 51 ni mguu mrefu. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu, propela itachota hewa kila wimbi linapoinua mtumbwi.

Sasa tuje kwenye uamuzi mgumu. Injini tuliyoizoea, ile ya mipigo miwili ya kuchanganya petroli na oili, ina sifa zake: ni nyepesi, bei yake inavumilika, na fundi yeyote chini ya mwembe anaijua ndani na nje. Lakini inakunywa. Sehemu ya petroli yake hutoka kwenye ekzosi bila kuungua na kuingia ziwani, kwenye maji yaleyale tunayochota kunywa na kupikia. Tena tunaiua wenyewe kwa oili ya pikipiki. Inataka oili ya injini za majini, ile yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo, na kipimo chake kiwe kile kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Kikiwa moja kwa hamsini, hiyo ni mililita 400 kwenye lita 20 za petroli, kwa kikombe cha kupimia, si kwa jicho.

Injini ya mipigo minne ina oili yake peke yake ndani, na huweza kupunguza petroli kwa robo au zaidi. Kwa mvuvi anayetoka kila usiku, hiyo ni fedha ya ada ya shule. Ila ni nzito, ni ghali, na inadai kubadilishwa oili kila baada ya saa 100 za kazi. Ikigoma katika kisiwa ambacho hakuna fundi wake wala spea yake, inageuka nanga. Ndiyo maana simshauri mtu mmoja, peke yake, aende akainunue.

Lakini mwalo wenye mitumbwi ishirini ukikubaliana juu ya aina moja, hesabu inabadilika. Tunaweza kuwapeleka vijana wetu wawili wakafundishwe. Twende tukabishe hodi chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi na chuo cha ufundi cha VETA Mwanza, tuwaeleze shida yetu. Tunaweza kuwa na sanduku moja la spea kwenye ofisi ya BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni: plagi, propela, kamba ya kuwashia, oili ya gia, na zaidi ya yote impela za pampu ya maji, maana mchanga wetu huzitafuna na magugu maji huziba tundu la kuvutia maji hadi injini ichemke. Leo kila tajiri ana aina yake ya injini, na ikiharibika, mtumbwi unalala wiki nzima pwani kwa kusubiri kipande kidogo cha mpira. Vijana wa kazi hawapati kitu wiki hiyo. Wala akina mama wanaoanika dagaa.

Na akina mama hao wawe kwenye kikao tangu siku ya kwanza. Vikundi vyao, pamoja na vya vijana na vya watu wenye ulemavu, ndivyo vyenye nafasi katika ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Benki ya Maendeleo ya Kilimo nayo imeshakopesha wavuvi. Kikundi chenye akiba, daftari na viongozi kinasikilizwa. Mtu mmoja mwenye mtumbwi mmoja hurudi kwa wakala.

Limebaki la wizi, na hili linaniuma kuliko yote. Watu wetu wamevamiwa katikati ya ziwa, wakanyang'anywa injini, wakaachwa waelee. Injini hizo hazitupwi. Zinanunuliwa, na wanaozinunua ni wavuvi wenzetu. Kila mwalo uandike daftari la namba za injini na majina ya wenyewe, na injini ikiibwa, BMU za jirani zipigiwe simu na kupewa namba yake siku hiyohiyo. Tukubaliane pia kwamba injini isiyo na karatasi haifungwi kwenye mtumbwi wowote wa mwalo wetu, iwe rahisi namna gani.

Kabla ya kutoa fedha zote, tununue moja kwanza. Tuifunge kwenye mtumbwi mmoja, na jirani yake aende na injini ya zamani, njia ileile, mzigo uleule, petroli ikipimwa kwa lita kwenda na kurudi, kwa mwezi mzima. Matokeo yabandikwe ukutani pale BMU, kila mtu ayasome.

Mwezi mpevu unapoangaza, taa hazivuti dagaa na mitumbwi huwa imepumzika nchi kavu. Hizo ndizo siku za kukutana. Wenyeviti wa BMU, itisheni vikao katika mbalamwezi hii inayokuja. Mwenye risiti ya injini yake aje nayo. Asiye nayo anakili namba iliyogongwa kwenye bamba lake, aje nayo hiyo.