Kuzuiliwa Si Kufungwa

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa kutwa, yaani mmoja wa wale mnaowaona asubuhi wakiingia darasani na viatu vya tope jekundu. Naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengine watasema ni dogo: maneno ya Kiingereza ya kumshika mtu na kumzuia, na vile tunavyoyapokea bila kuyauliza swali.

Nianze na yaliyotokea kwetu. Mwaka jana, wakati wa likizo ya Agosti, binamu yangu alikamatwa na askari wa shamba moja la chai. Shamba silitaji. Alikuwa ameingia kuokota kuni kwenye mikaratusi, na sisemi hakukosea, maana kuni hazikuwa zake. Baada ya siku chache baba akapewa nakala ya ripoti. Ilikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa nyumbani mimi ndiye msomi, niliitwa niisome. Sentensi moja ilisema, “The suspect was restrained.” Nikaitafsiri haraka haraka, kifua mbele: “Mshukiwa alizuiliwa.”

Kogo, ndiye nyanya yangu, alikuwa ameketi karibu na meko. Alimwita binamu, akamkunja mkono wa shati, akanigeukia. “Huku ndiko kuzuiliwa?” Kwenye vifundo vya mikono yote miwili palikuwa na alama za kamba, zimeanza kugeuka nyeusi. Walimfunga kwa kamba ileile aliyofungia mzigo wake wa kuni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kiingereza changu hakikuwa na kosa, na kamusi ingeniunga mkono. Lakini nilikuwa nimesoma ripoti nzima mbele ya mtu aliyefungwa, na kamba nikaiacha nje.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza maneno haya. Katika kikao kimoja cha chama tuliyaandika ubaoni yale tuliyoyakumbuka: arrest, detain, restrain, restrict, confine, hold, bind, na mengine mpaka chaki ikaisha. Ajabu ni kwamba mengi yana sura mbili, moja ya ukali na nyingine ya upole. Restraint ni kamba, lakini pia ni sifa ya mtu mpole anayejua kujizuia. Custody ni kukaa ndani ya seli, lakini pia ni haki ya mama kumlea mtoto wake. Bond ni dhamana, na pia ni upendo kati ya watu. Ukimwambia mzee wa kwetu kwamba neno moja lina malezi na seli ndani yake, atafikiri unamchezea.

Kiswahili chetu, kwa upande wake, hupenda kutaja kifaa. Kuna pingu, minyororo, na mkatale uliobana miguu. Kuna kongwa, ule mti wa panda waliotiwa shingoni watumwa wakielekea pwani. Hata kumkamata mtu tunasema kumtia nguvuni, na nguvu imo humo humo ndani ya neno, haikufichwa. Na gereza je? Wataalamu husema neno hilo limetoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Ngome ya Yesu kule Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, baadaye Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Hiyo ni safari ndefu kwa neno moja, lakini nisipotee njia.

Wengine mtaniuliza, mbona unakigombeza Kiingereza peke yake? Ni kweli. Sikilizeni taarifa ya habari ya redio jioni moja tu. “Anazuiliwa katika kituo cha polisi.” “Anawasaidia polisi katika uchunguzi.” Anawasaidia! Kama vile alitoka kwake asubuhi akabeba kiti akaenda kusaidia. Na hii sarufi yetu ya kutendwa, tunayofanyia zoezi kila muhula, ni maficho mazuri sana. “Alifungwa.” Na nani? Usipoongeza “na”, mfungaji ametoroka.

Lakini maneno ya upole ya Kiingereza yana uzito zaidi hapa kwetu kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye sheria. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Wazee, akina mama na watoto. Jina la sheria lilitumia neno removal. Ni neno unaloweza kulitumia hata kwa doa kwenye shati! Tena lilisema nusu tu ya habari, kwa maana watu hawakuondolewa tu, bali waliwekwa huko na hawakuwa huru kurudi, miaka na miaka, hadi Uhuru ulipokaribia.

Mzee Jomo Kenyatta naye alimaliza kifungo chake Aprili 1959. Kwa Kiingereza cha serikali hakuwa mfungwa tena, alikuwa tu chini ya restriction. Basi huyo ambaye si mfungwa akapelekwa Lodwar, baadaye Maralal, na hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Nimejaribu kutafsiri neno hilo kwa njia tatu, na kila mara inarudi palepale: alifungwa mahali pasipo na kuta.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Tukikutana na neno kama hilo kwenye ripoti, gazeti au hata barua ya shule, tusikimbilie “alizuiliwa” kwa sababu ndilo linalokuja mdomoni kwanza. Tuulize: kwa mikono au kwa kamba? Mlango ulifungwa? Kwa muda gani? Na nani? Jibu likiwa ni kwamba alishikwa bega tu akaachiliwa, basi alizuiliwa, sina ubishi. Likiwa ni kamba, tuandike kamba. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 49, inataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa. Najua imetaja sababu, haikutaja kamba. Lakini mimi naona anayestahili kuelezwa kwa lugha yake kwa nini alishikwa, astahili pia kusomewa kwa lugha hiyo jinsi alivyoshikwa, tena kwa ukweli. Na katika nyumba nyingi za huku kwetu, anayesoma ni mmoja wetu, mtoto wa sekondari mwenye haraka ya kuonekana anajua.

Baba aliamua kuandika barua ya kujibu ile ripoti. Aliniambia niiandike kwa Kiswahili, yeye akisema na kogo akisahihisha. Safari hii sikuharakisha. Tuliandika: “Kijana alifungwa mikono nyuma na askari wawili, kwa kamba ya kuni alizookota, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na hakupewa maji.” Kogo alitaka pia tuandike kwamba kamba ilikuwa yake, alimwazima binamu asubuhi hiyo, na anaitaka irudi. Tukaongeza.

Kufikia siku ninapoandika haya, barua haijajibiwa. Kamba pia haijarudi.