Kitui Si Bara Tupu

Tuna mazoea mabaya sisi watu wa pwani. Ukimtajia mtu Kitui, atakujibu: "Ah, bara huko, kwenye ukame!" Maneno hayo ni ya asiyejua habari za nyumbani kwake mwenyewe.

Kabla ya reli, Wakamba ndio walioteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa kwa misafara yao, wakarudi na nguo na shanga. Mashuhuri wao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 Krapf, mmisionari Mjerumani, alitoka Rabai akamfuata kwake, na huko ndiko alikouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana.

Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ilipita kusini, Kibwezi na Makindu, ikaiacha Kitui kando. Mji ukabaki mdogo, wa soko na ofisi za serikali. Haukukosa historia, ulikosa njia.

Leo Kitui ni makao makuu ya kaunti, na Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya makumbusho na maktaba. Basi wakubwa wa huko wasijenge ofisi tu. Waikusanye habari ya misafara ile kwa wazee. Nasi wa pwani, ambao babu zetu waliipokea, tusikae kimya. Biashara ni ya watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Mmoja akisimulia peke yake, hesabu haitimii.