TV ukutani: baba atoboe mwenyewe au aitwe fundi?

Mama mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, ameniandikia usiku wa manane, saa ambazo sisi wenye watoto ndipo tunapopata kushika simu. Kahawa imeuzwa, madeni yamelipwa, na kilichobaki kimenunua TV ya inchi 43 kule Kayanga. Mtoto wao wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu na anavuta kila anachokifikia. Baba watoto ameazima drili kwa jirani na anasema Jumamosi anaitundika mwenyewe. Fundi wa pale senta ametaja elfu 30. "Dada, nimwache au nigombane naye?"

Usigombane naye, mama. Ila msitoboe kwanza.

Nyumbani kwetu tumepita njia zote mbili na zote zilitutia aibu. TV yetu ya kwanza ya flat ilikuwa inchi 32, nyepesi hata mimi naibeba peke yangu. Mume wangu akaitundika kwa skrubu fupi alizozikuta kwenye kopo la misumari. Ilikaa wiki tatu. Asubuhi moja nikaingia sebuleni kufagia, nikakuta vumbi la lipu kwenye mkeka, palepale watoto wanapokaa kuangalia katuni. Nilipoinua macho, TV ilikuwa imeinama, imeshikwa na skrubu moja tu. Sijui ilikaa hivyo tangu saa ngapi. Mdogo wetu wakati ule alikuwa na miaka mitatu na alikuwa ndiye wa kwanza kuamka kila siku. Siku hiyo alikuwa na homa, akachelewa.

Tukaita fundi. Alikuja na drili kubwa na maneno mengi, akatoboa sawasawa juu ya soketi, na nyumba nzima ikawa giza. Alikuwa amekata waya. Nyaya nyingi za ndani ya ukuta hupanda wima kutoka kwenye soketi au swichi, na mtu anayejiita fundi alitakiwa kulijua hilo kabla ya kusalimia.

Aliyetusaidia mwishoni alikuwa fundi ujenzi, mzee ambaye hata TV kwake hana. Hakuuliza TV ina inchi ngapi. Aliuliza, "Ukuta huu mlijengea nini?"

Hilo ndilo swali la kwanza kwa wote wawili, baba na fundi. Kuta za kwetu Karagwe na Kyerwa zinadanganya. Ukitazama sebule umeona lipu safi, rangi ya maziwa, unadhani ni saruji. Ndani yake inaweza kuwa tofali za saruji, tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji, tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo kwa sababu saruji ilikuwa ghali mwaka ule, au tofali mbichi kabisa. Na nyumba za miti na udongo zilizopigwa lipu zipo nyingi, tusioneane haya.

Msikilize mzee alivyotufundisha. Tafuta mahali pasipoonekana kwenye ukuta uleule, nyuma ya mlango kwa mfano, toboa tundu dogo la urefu wa kidole, kisha tazama vumbi. La kijivu mpaka mwisho, ni tofali ya saruji, una bahati. Likianza kijivu likageuka jekundu, na drili ikaendelea kupata upinzani, ni tofali ya kuchoma. Likitoka jekundu laini kama unga na drili ikazama kama kwenye ndizi mbivu, umeangukia udongo. Sogeza kidogo ujaribu tena, kwa sababu huenda tundu la kwanza limeingia kwenye maungio kati ya tofali na tofali.

Pia kagua nyufa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipotikisa mkoa wetu wa Kagera, Bukoba na Missenyi waliumia zaidi, lakini nyufa hazikuishia huko, na wengi wetu tulizipaka lipu tukasahau. Breketi isiwekwe karibu na ufa, hata uliozibwa.

Sasa shemeji yangu wa Nkwenda, usininunie. Kama ukuta ni saruji au tofali ya kuchoma iliyojengwa vizuri, TV ya inchi 43 unaiweza. Kwa kawaida haifiki hata kilo 12. Unahitaji breketi isiyochezacheza. Ile yenye mkono wa kuvuta mbele iache, maana ikivutwa inazing'oa skrubu za juu kama mtu anayeng'oa muhogo. Angalia matundu manne nyuma ya TV, upime umbali kati yake kabla ya kununua breketi: ukikuta milimita 200 kwa 200, breketi nayo iwe inapokea kipimo hicho. Skrubu na fisha ziwe ndefu, kwa sababu lipu peke yake hula sentimita mbili na hiyo haishiki kitu. Kwenye tofali ya kuchoma zima mtikisiko wa drili, itoboe kwa kuzunguka tu, la sivyo tofali inapasuka ndani na fisha inazunguka bure. Pima maji usiikose. Na awepo mtu mzima mwingine wa kushika. Hapo ndipo wanaume wengi wanapojiponza, wanataka kufanya peke yao.

Kabla TV haijapanda, breketi ijaribiwe. Ishike kwa mikono miwili uivute chini kwa uzito wako. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu siku moja ataning'inia pale, afadhali ing'oke mbele yako.

Mwite fundi kama waya unatakiwa kupita ndani ya ukuta au soketi mpya iwekwe juu. Hapo namaanisha fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na elfu 30 nitalipa bila kupiga kelele. Mwite pia kama TV ni kubwa zaidi au ukuta una shaka. Lakini naye mwulize swali la mzee. Akikwambia "ukuta ni ukuta tu, mama", mpe chai aende zake. Na malipo ya mwisho yatoke baada ya yeye mwenyewe kuivuta breketi, wewe ukiangalia.

Kwenye ukuta wetu wa kuchoma uliojengwa kwa udongo, mzee alitoboa mpaka upande wa chumbani, akapitisha boluti, akaweka ubao mgumu kila upande na kukaza. Chumbani ubao unaonekana. Nimetundikia mkoba wangu. Ukuta wa tofali mbichi au wa miti na udongo hata hilo asijaribu mtu. Weka TV kwenye meza fupi, nzito, pana, na uifunge kwa mkanda.

Meza nayo ina hatari zake. TV za zamani zenye chogo zilikuwa nzito. Hizi za flat zina miguu myembamba, mtoto akivuta kitambaa cha meza zinakuja naye. Huko Marekani, mwaka 2015, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ilianzisha kampeni nzima ya kuwaambia wazazi wafunge TV na makabati ukutani, kwa sababu watoto walikuwa wanaangukiwa. Kwa hiyo kufunga ni lazima, iwe ukutani au mezani.

Mambo mawili madogo. Msiitundike juu karibu na dari kama kwenye kibanda cha mpira. Watoto wenu wanakaa mkekani, shingo zitawauma. Na plagi ibaki mahali mtu mzima anapofika haraka, kwa sababu mawingu yakijikusanya na radi za kwetu zikianza, unachomoa umeme na waya wa dishi, huanzi kutafuta ngazi.

Nilimtumia mama yule haya yote Alhamisi. Jumapili jioni amenijibu kwa picha. Vumbi la nyuma ya mlango lilitoka jekundu na laini, mara zote mbili. TV iko kwenye meza fupi, mkanda umefungwa kwenye nondo za dirisha, na baba watoto amerudisha drili kwa jirani.