C+ pekee haikupi kozi unayoitaka

Umepata C+ kwenye KCSE na ploti nzima inasherehekea? Hongera, lakini tulia kidogo. Gredi hiyo inakufungulia mlango wa shahada tu. Kozi yenyewe huamuliwa na alama za klasta, ambazo KUCCPS hukokotoa kwa kuangalia zaidi masomo manne yanayohusiana na kozi, upeo ukiwa 48. Ndiyo maana wewe na beshte yako mnaweza kuwa na B sawa, yeye aitwe uhandisi nawe ukose, kisa Fizikia.

Kwa hivyo usijaze digrii yoyote ile, eti mradi uitwe mwanachuo. Kwanza linganisha klasta yako na ya walioteuliwa mwaka uliopita. Na ikiwa unachokipenda kinapatikana kwa diploma, ichukue, hata mzee akinuna. Darasani hatakaa yeye.