Mshika Kamba Asidharauliwe

Kila mwaka watu wengi, wenyeji na wageni, huukwea Mlima Kenya. Walio wengi huishia Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho mtu mwenye afya na subira hukifikia kwa kutembea. Lakini vilele viwili vikubwa, Batian cha mita 5,199 na Nelion cha mita 5,188, havifikiwi kwa miguu pekee. Huko ni mwamba mtupu, na mpandaji huhitaji mikono yake, kamba na, zaidi ya yote, mwenzake. Habari za huyo mwenzake ndizo tunazotaka kuzieleza leo.

Mwamba wa namna hiyo haupandwi kwa mkupuo mmoja. Njia hugawanywa vipande vipande, kila kimoja kisizidi urefu wa kamba. Mmoja hutangulia, akipachika vyuma katika nyufa na kuipitisha kamba humo. Wa pili hubaki chini, amejifunga imara mwambani, akiiachia kamba kidogo kidogo, tayari kuibana mara tu mwenzake atakapoteleza. Aliyetangulia akipata mahali pa kusimama hujifunga naye, kisha huivuta kamba huku wa pili akimfuata na kuving'oa vile vyuma. Ndipo kipande kingine huanza. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kabla ya kilele kuonekana.

Sifa humwendea anayetangulia. Yeye ndiye aonekanaye, naye ndiye apigwaye picha. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo si ya haki. Mtu anayetangulia huthubutu kwa sababu yuko mwingine aliyekubali kusimama saa nzima katika baridi, macho yake yakiwa juu ya kamba. Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walipokuwa watu wa kwanza kufika Nelion, historia iliyaandika majina yote mawili. Ilifanya vema.

Anayetaka ushahidi na ayakumbuke yaliyotokea Septemba 1970. Madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika Batian na wameanza kushuka. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini hawakusema kwamba kushuka ni rahisi. Jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Oelz, aliyekuwa ameishika kamba, alimzuia asipotee bondeni. Baadaye alishuka peke yake kutafuta msaada, kisha akaupanda tena mwamba ule ule pamoja na waokoaji. Wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya walihangaika usiku na mchana, na waokoaji wengine waliletwa kwa ndege kutoka Austria. Baada ya zaidi ya siku saba Judmaier aliteremshwa akiwa hai. Lakini Jim Hastings, rubani Mmarekani aliyekuja kusaidia, alikufa helikopta yake ilipoanguka.

Kifo hicho kinatufundisha jambo ambalo wapandaji wengi husahau. Wawili waliofungwa kamba moja hawako peke yao mlimani. Nyuma yao wako waokoaji, marubani, askari wa hifadhi na wapagazi, ambao nao wana wake, waume na watoto. Jiwe laweza kumng'okea hata mpandaji hodari, na kwa hilo hatumlaumu mtu. Lakini uzembe wa fundo lisilokaguliwa, au wa mwenzi aliyeokotwa jana hotelini, huyahatarisha maisha ya watu ambao hawakuulizwa.

Wako watakaosema kwamba mchezo huu ni anasa, na kwamba ingefaa upigwe marufuku. Hatukubaliani nao. Mlima ni wetu, na si vizuri miamba yake ijulikane zaidi na vijana wa Ulaya kuliko vijana waliozaliwa chini yake. Tena, kijana aliyejifunza kuushika uhai wa mwenzake bila kusinzia atakuwa raia wa kutegemewa popote atakapopewa kazi.

Basi tunatoa wito kwa wote wanaowafundisha vijana kupanda miamba. Somo la kwanza lisiwe kutangulia. Liwe kushika kamba. Mwanafunzi asiruhusiwe kutangulia kabla hajathibitisha, katika miamba midogo na mbele ya mwalimu, kwamba aweza kumzuia mwenzake anayeanguka. Wawili wasiende Batian wala Nelion kabla hawajapanda pamoja mara nyingi, wakazijua hofu na tabia za kila mmoja. Na iwapo mmoja wao atasema, "Turudi," basi warudi wote wawili, pasiwe na ubishi wala lawama. Kilele kitawangoja.