Mahekalu Hayana Haraka

Aghalabu anayezuru mahekalu ya Kihindu katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, huondoka na orodha mkononi na dereva aliyekodiwa kwa siku. Asubuhi Thanjavur, adhuhuri Darasuram, jioni Gangaikonda Cholapuram. Mahekalu hayo matatu yalijengwa na wafalme wa ukoo wa Chola katika karne ya 11 na ya 12, nayo UNESCO imeyatambua kuwa turathi moja ya dunia: la Thanjavur mwaka 1987, mengine mawili mwaka 2004. Barabara inaruhusu yote yafikiwe kwa siku moja. Kuyafikia, hata hivyo, si kuyaona.

Kwanza, mahekalu mengi ya eneo hilo hufunga milango adhuhuri na kuifungua tena alasiri, kwani mungu naye ana saa zake za kupumzika. Mwenye orodha huziona saa hizo kuwa hasara, akamlaumu dereva. Asiye na haraka hupinda njia. Kilomita chache kutoka mji wa Kumbakonam kuna Swamimalai, kijiji cha mafundi wa kusubu sanamu. Fundi huunda umbo la nta, akalifunika kwa udongo wa mto Kaveri, akaupasha moto hadi nta itiririke nje, kisha akamimina metali iliyoyeyuka mahali pake. Kalibu huvunjwa, kwa hivyo hakuna sanamu mbili zinazofanana kabisa.

Mchepuko huo si burudani ya kupitisha muda. Katika hekalu la aina hii, sanamu ya jiwe haiondoki chumbani mwake; ile ya metali ndiyo hubebwa mitaani siku za sherehe. Aliyetoka Swamimalai ataziona pete na matundu kwenye kitako cha sanamu, ajue kwamba hupitishwa miti ya kubebea. Mwenye orodha atapiga picha ya uso tu.

Hali kadhalika kuta za Thanjavur. Hekalu hilo la mfalme Rajaraja wa Kwanza, lililokamilika mwaka 1010, limechongwa maandishi ya Kitamil yanayotaja wachezaji ngoma 400 wa kike, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopewa. Kwa mwanafunzi wa lugha (na Kiswahili chenyewe kimezoea kulitumia neno “kuzuru” kwa makaburi ya mawalii, ambako hapaendwi mbio) ukuta huo wastahili zaidi ya robo saa.

Wapo watakaodai kwamba kupotea njia ni anasa ya mwenye fedha na likizo ndefu. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake ni kufupisha orodha. Aliye na siku moja tu na aiache Gangaikonda Cholapuram, ijapokuwa ni hasara kubwa, akae Thanjavur hadi jua lichwe, atafute mtu wa kumsomea ukuta.